Ukingo wa Kushoto

Haya hayakunipata mimi. Yalimpata dada yangu, wa tumbo moja, na hakuwa na hamu ya kuyasimulia. Nilimchokonoa wiki mbili nzima ndipo akafungua mdomo, na alipofungua alianza na mambo madogo kabisa: kwamba ilikuwa Jumanne, kwamba jua lilikuwa kali, kwamba umeme haukukatika hata mara moja. Alitaka nielewe kuwa hakuna cha kusingizia.

Dada ni mhariri wa video. Ana chumba kimoja ghorofa ya kwanza, juu ya karakana ya vioo. Ndani mna meza, kompyuta, spika mbili, kiti cha wageni chenye mguu uliofungwa waya, na mlango wa pili unaotokea kwenye roshani nyembamba inayotazama barabara. Kutwa nzima, chini, unasikia almasi ikikwaruza kioo, kriii, halafu kimya kifupi, halafu tak, kioo kinaachana. Dada husema sauti hiyo ndiyo saa yake ya ukutani.

Mwenye karakana tunamwita Fundi Vioo. Ni mtu mzima wa utani, asiyeamini hata utabiri wa hali ya hewa, na ndiyo maana baadaye nilikwenda kumuuliza yeye pia. Asubuhi ile alimwona dada akipanda ngazi na chupa yake ya chai.

"Jirani, leo unafufua wangapi?"

"Leo sina marehemu, fundi. Nampunguza kitambi bwana harusi."

"Ukimaliza nipunguzie na mimi miaka. Kumi tu, sina tamaa."

Wakacheka. Kriii. Tak. Siku ikaanza.

Saa nane mchana mlango ukabishwa. Aliingia mwanamke wa makamo, mshonaji. Dada alimjua kazi kabla hajasema, kwa futi ya kitambaa iliyoning'inia shingoni na kastabini kwenye kidole cha kati, kile kikofia cha chuma cha kukinga sindano. Alikuwa ameisahau kidoleni, kama wengine wanavyosahau miwani kichwani. Ilikuwa imebonyea upande mmoja, na mdomoni imezungushiwa uzi mwekundu ili isimpwaye.

"Wamenielekeza kwako," alisema. "Wanasema unaweza kumtoa mtu kwenye video, isijulikane kama alikuwepo."

"Inategemea amekaa wapi, mama. Akiwa pembeni, ni kazi ya saa moja."

"Yuko pembeni."

Akatoa kwenye pochi kadi ya kamera, ndogo kama ukucha, iliyofungwa kwenye kipande cha khaki. Dada akaichomeka. Ndani mlikuwa na faili moja tu. Sekunde kumi na tisa.

Ni sebule ya sakafu ya saruji nyekundu, na mlango wa bluu nyuma. Kulia kuna kiti, na mtoto wa mwaka mmoja amekishikilia. Kushoto, mwishoni kabisa mwa picha, amechuchumaa mwanamke mwenye gauni la kijani, mikono mbele, anapunga viganja: njoo, njoo. Anayepiga picha anacheka, kwa hiyo kila kitu kinatikisika. Mtoto anakiachia kiti. Anayumba. Anapiga hatua ya kwanza ya maisha yake, kisha ya pili, kisha anavuka sebule nzima kama mlevi mwenye furaha, mpaka mikono ile inampokea.

"Mtoto ni Chiriku wangu," mshonaji alisema. "Tunamwita hivyo kwa sababu hanyamazi. Sasa ana miaka sita, Jumamosi anamaliza chekechea. Mwalimu ametaka kila mtoto alete video moja ya utotoni, ya wima, ya kuonyesha ukumbini na kuwatumia wazazi kwenye simu. Nyingine hatuna. Ni hii tu."

"Na huyu wa kushoto?"

Mshonaji alizungusha kastabini kidoleni. "Mama yake mzazi. Alifariki Chiriku hajatimiza miaka miwili. Mimi nimekuja baadaye." Akashusha sauti, ingawa hapakuwa na mtu mwingine. "Simchukii, dada'ngu. Hata sikuwahi kumwona. Lakini Jumamosi ukumbi mzima utamtazama yeye, kisha watageuka wanitazame mimi. Miaka minne nimeosha, nimelisha, nimekesha. Nataka siku moja tu, mama awe mmoja."

"Baba yake anajua?"

"Anaendesha lori la masafa. Atarudi Jumapili." Akaifunga pochi. "Na ukimaliza, uifute. Kwako, na kwenye kadi."

Dada hakupenda hilo. Ana mwiko mmoja wa kazi: video ya asili haifutwi, hata iwe mbovu namna gani. Lakini alimtazama yule mama, akaona macho ya mtu ambaye hajalala, akajibu jibu la watu wasiotaka ugomvi.

"Tutaona, mama Chiriku."

Alipoitwa hivyo, mshonaji alitabasamu kwa mara ya kwanza. Akaondoka.

Kazi ilianza saa tisa kamili. Haikuwa ngumu. Picha ilikuwa pana, ya mlalo. Inayotakiwa ni nyembamba, ya wima. Unachora dirisha jembamba juu ya picha pana, unaliweka juu ya mtoto, kisha unalitembeza pamoja naye: alama moja pale anapoanza, alama nyingine pale anapofikia, na programu inajaza safari ya katikati. Vya pembeni vinabaki gizani. Watu hudhani vimekatwa. Havijakatwa. Vimefunikwa tu. Chini ya ule weusi picha nzima ipo vilevile, inaendelea na mambo yake.

Dada aliweka alama zake mbili, akaichezesha.

Mtoto alitembea bila kwenda. Miguu iliinuka na kushuka, lakini mwili ulibaki palepale, na sakafu nyekundu ikateleza chini yake kama mkanda wa kiwandani. Katikati ya safari magoti yakavutika, yakawa marefu kama unga uliokandwa, kisha yakajirudi.

Hakushtuka. Ni kosa la kila siku. Programu hupenda kulainisha safari ya dirisha, kulianzisha polepole na kulisimamisha polepole, na mtoto hatembei hivyo. Dirisha likienda kivyake na mtoto kivyake, mwendo unaharibika. Akanyoosha njia ya dirisha. Akaongeza alama, moja kwa kila unyayo. Ikapona sekunde tano. Sekunde ya sita dirisha likavutika kushoto, kidogo, kama mtu anayevutwa shati.

"Ni mkono wa baba mtu aliyeshika kamera," alijisemea. Kamera ilikuwa inatikisika mno. Basi atulize mtikisiko kwanza.

Kuna kitulizaji ndani ya programu. Kinachungulia picha nzima, kinatafuta vitu visivyosogea, ukuta, mlango, kiti, kinavibandika nukta ndogo za kijani, kisha kinaituliza picha kwa kuzifuata nukta hizo. Sharti lake ni mpangilio: tuliza picha nzima kwanza, ndipo upunguze kingo. Ukifanya kinyume, kuta zinapumua. Dada alifuata mpangilio. Alisubiri. Akaichezesha.

Kuta zilipumua.

Mlango wa bluu ulijikunja na kujikunjua. Sakafu ilivimba. Mtoto alitembea juu yake kama anayetembea juu ya godoro. Kila kitu kilikuwa kinayumba kuzunguka kitu kimoja kilichotulia, na kitu hicho hakikuwamo ndani ya dirisha.

Akauondoa ule weusi, akabakiza mstari wa dirisha tu, ili aone nukta zimekaa wapi.

Ukutani hapakuwa na nukta hata moja. Mlangoni hapakuwa na nukta. Zote, mia na kitu, zilikuwa zimemjaa yule mwanamke wa kushoto, usoni, shingoni, kwenye vidole.

Haiwezekani. Mtu anayemwita mtoto kwa mikono anasogea kuliko vyote vilivyomo chumbani. Dada alivikumbuka viganja vile vikipunga mchana huohuo, mbele ya mshonaji. Sasa havikupunga. Mtoto alitembea, kamera ilitikisika, kivuli cha pazia kilicheza ukutani, na mwanamke amechuchumaa kimya, mikono mbele, hapungi wala hapepesi.

Na hakuwa akimtazama mtoto. Alikuwa akiutazama mstari wa dirisha, ule ambao dada ameuchora mwenyewe saa moja iliyopita.

Dada alizima kompyuta. Alipofika nyumbani alinipikia, tukala, nikamsimulia mambo yangu ya chuo, akacheka pale pa kuchekea. Nakumbuka tu kwamba alikula akiwa amekaa upande wa kulia wa meza. Siku zote hukaa kushoto.

Jumatano asubuhi aliwasha tena. Alijiambia ni macho, macho yanachoka. Akafungua kazi yake, akauondoa tena ule weusi. Jana kati ya vidole vya yule mwanamke na mstari palikuwa na nafasi ya viganja viwili. Leo ncha za vidole zilikuwa zimeugusa mstari.

Kabla hajafanya lolote akasikia miguu ngazini. Mmoja wa mtu mzima. Mwingine wa mtoto, unaopiga na kuburuza, unaopiga na kuburuza.

"Hodi! Anti, mimi ndiye Chiriku! Mama amesema una kompyuta kubwa kuliko ya mwalimu. Ni kweli? Mbona ndogo?"

Alikuwa na pengo la meno mawili ya mbele na gauni jipya lenye mifuko mikubwa, kazi ya mkono wa mshonaji. Nyuma yake mshonaji alikuwa amesimama mlangoni, uso umesawijika.

"Mtembeze uone," alinong'ona. "Chiriku, nenda ukakae kwenye kile kiti."

Toka mlangoni hadi kiti cha wageni ni hatua sita za mtoto. Chiriku akaanza. Mguu ukainuka, ukashuka. Ukainuka, ukashuka. Dada aliona kisigino kikiteleza nyuma kila kinapokanyaga, kama sakafu imepakwa mafuta. Hatua sita. Hatua kumi. Hatua ishirini. Hakuwa amefika nusu.

"Sakafu inakimbia, anti," Chiriku alisema. Alisema huku anacheka, lakini kicheko cha kuomba msaada.

Mshonaji akambeba, akamkalisha. "Tangu jana, nilipotoka kwako. Alikuwa anacheza uani, mzima. Ghafla akaanza hivi. Daktari kamgonga magoti, kampima, anasema miguu mizima."

"Jana saa ngapi?"

"Saa tisa."

Chini, kriii. Kimya. Tak.

"Na tena inanivuta huku," Chiriku akaongeza, akionyesha mkono wa kushoto.

Mshonaji alitazama skrini. Dada hakuwahi kuifunga. Mwanamke wa kijani alikuwa pale, vidole kwenye mstari, macho kwenye mstari. Mshonaji hakupiga kelele. Alimshika dada mkono, na kastabini ikambana dada kwenye nyama, baridi.

"Ni yeye. Anamtaka mwanawe. Mfute."

"Mama Chiriku, ngoja kwanza..."

"Mfute sasa hivi, nakuomba. Mfute kabla hajampata."

Dada anasema hapo ndipo alipokosea, na kosa lilikuwa la kifundi. Kazi ya kawaida ingebaki na picha nzima chini ya giza, na dirisha juu yake. Yeye akafanya ambacho hajawahi kumfanyia mteja: akatoa faili jipya la dirisha peke yake, wembamba uleule, pasipo kitu chini. Kisha akaifuta video ya asili kwenye kompyuta. Akasafisha pipa la taka. Akaifuta kwenye kadi.

Akaichezesha ile mpya. Mwendo ulikuwa safi. Ukuta umesimama, mlango umesimama, mtoto anatembea kama watoto wanavyotembea. Dada hajawahi kunyoosha mwendo ukanyooka vile.

Nyuma yao kiti kikalia. Chiriku alikuwa amesimama.

"Mama, sakafu imeacha," alisema.

Akatembea. Hatua moja, mbili, tatu, imara, nyepesi. Mshonaji alipiga magoti, machozi yanamtoka, akafungua mikono. Chiriku akampita.

Akampita kama anavyopita meza. Hakumtazama. Akafika ukutani, akageuka, akaendelea. Kimya. Mtoto asiyenyamaza alikuwa amenyamaza.

"Chiriku?"

Hakuitika. Miguu iliendelea.

Dada akageukia skrini. Sekunde ya kumi na tisa ilikuwa imepita. Saa ya video ilisoma ishirini na sita. Ishirini na saba. Mtoto wa mwaka mmoja alikuwa bado anatembea juu ya sakafu nyekundu isiyokwisha, mikono mbele, akitafuta pa kufikia. Mlango wa bluu ulishapita zamani. Hapakuwa na ukuta. Hapakuwa na kitu kushoto.

Thelathini na moja. Thelathini na mbili.

"Dada'ngu, mlango!" mshonaji alipiga kelele.

Chiriku alikuwa roshanini. Vyuma vya roshani ile vimeachana, mtoto anapita. Chini yake, barabarani, wafanyakazi walikuwa wanashusha vioo, vimesimama wima kwenye mkokoteni, kumi na zaidi, makali juu. Mguu wa kulia ulikuwa umeshapita kati ya vyuma. Dada alimdaka mfuko wa gauni. Mshonaji alimdaka kiuno. Uzi wa mshonaji ni imara, mfuko haukuchanika.

Wakamnyanyua. Wakamrudisha ndani. Miguu yake ikaendelea kutembea hewani.

Fundi Vioo alisikia kelele, akapanda ngazi mbili mbili. Aliniambia mwenyewe, bila utani: "Nimebeba vioo vya maduka makubwa peke yangu. Yule mtoto wa miaka sita nilimkumbatia kwa mikono yote miwili na bado alinisogeza. Hakuwa anapigana nami. Alikuwa anatembea tu."

Macho yalikuwa wazi. Hayakupepesa. Viatu vyake, ambavyo mshonaji alivinunua wiki ile, vilikuwa vimeanza kulika soli.

Hapo ndipo dada alipoelewa. Aliketi, mkono mdomoni, akasema kwa sauti ndogo sana.

"Hakuwa anamvuta. Alikuwa anamsubiri. Tumemwondolea pa kufika."

Mshonaji alimtazama. Halafu akaitazama miguu ile.

"Mrudishe."

Faili likifutwa kwenye kadi haliondoki mara moja. Linafutwa jina, mwili unabaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Dada alichomeka kadi, akawasha programu ya kuokoa mafaili. Ikaanza kuhesabu. Asilimia mbili. Asilimia tatu. Ni programu ya polepole, na haisikii mtu.

Asilimia kumi na moja. Fundi Vioo alikuwa ameketi sakafuni, mtoto mapajani, jasho linamdondoka. "Nani huyu mliyemfungulia?" aliuliza.

Asilimia arobaini. Pumzi ya Chiriku ilikuwa imeanza kukwaruza. Mshonaji alikuwa anamfuta uso na ncha ya futi, anamnong'oneza, mama yupo, mama yupo, na kila akilisema neno hilo sauti ilipungua.

Asilimia tisini. Soli ya kiatu cha kushoto ilitoboka. Ikaonekana soksi.

Faili likarudi. Dada hakuliwekea dirisha, hakuliwekea alama, hakuligusa kwa kitulizaji. Alilifungua likiwa pana kama lilivyopigwa.

Upande wa kulia ulikuwa mzima: kiti, mlango wa bluu, mtoto anayeanza safari. Upande wa kushoto ulikuwa vijiraba vya kijivu, kuanzia juu hadi chini. Ndivyo mafaili yaliyofutwa hurudi mara nyingi, nusu yameliwa. Mtoto alitembea mpaka ukingo wa kijivu, akaingia humo, akapotea. Na mapajani mwa Fundi Vioo Chiriku alitoa sauti ya kwanza tangu anyamaze. Haikuwa kilio. Ilikuwa kama mlango unaofunguka mbali.

"Hakuna kingine ninachoweza," dada alisema. "Kilichobaki ni hiki."

Mshonaji akainuka. Akaenda mbele ya skrini, akachuchumaa, akaweka kiganja upande wa kushoto, kwenye kijivu. Kastabini ikagonga kioo. Tik.

"Dada," alisema. Alisema na yule wa kushoto, kama unavyosema na mkubwa wako uliyemkosea. "Dada yangu, nimekosa. Sikujua umeshika nini. Rudi pale ulipokuwa. Sitakusogeza tena. Mpokee mtoto, nami nitampokea huku. Rudi, dada. Mwanao amechoka."

Chini kazi ilikuwa imesimama. Hakuna kriii. Hakuna tak. Dada anasema aliisikia feni ya kompyuta ikipunguza kasi, ikapunguza, ikanyamaza, na skrini bado inawaka.

Kijiraba kimoja kikageuka kijani.

Kisha cha pili. Kisha bega. Kisha gauni zima, mikono, viganja, vinapunga, njoo, njoo. Mtoto wa mwaka mmoja akavuka sebule akiyumba, sekunde ya kumi na sita, ya kumi na saba. Mikono ikamfunga.

Miguu ya Chiriku ikasimama.

"Nimefika," alisema. Halafu akageuza kichwa, akamtafuta mshonaji kwa macho. "Mama, nimechoka." Akalala palepale, mapajani mwa Fundi Vioo, na yule mzee hakuthubutu kujisogeza hadi jioni.

Jumamosi video ilionyeshwa ukumbini ikiwa pana, imelala katikati ya skrini ya wima, na weusi juu na chini. Mwalimu alinung'unika kidogo. Baba mtu alikuwa amepigiwa simu, akawahi kurudi, akalia mbele za watu. Mshonaji alikaa safu ya mbele, na watu walipogeuka kumtazama hakuinamisha uso. Chiriku alieleza ukumbi mzima kila sekunde, kwa sauti, bila kuombwa.

Ingekuwa imeishia hapo ningesema ni hofu ya watu watatu kwenye chumba chenye joto. Lakini Jumatatu mshonaji alirudi kwa dada. Hakuja na neno lolote la siku ile. Aliuliza tu kama hakuangusha kastabini yake pale. Tangu Jumatano haioni, na kidole kimejaa matundu ya sindano. Wakatafuta chini ya meza, nyuma ya spika, roshanini, kwenye mkokoteni wa vioo. Fundi Vioo alifagia karakana nzima. Haikuonekana.

Dada ndiye aliyeiona, siku kadhaa baadaye. Alinionyesha mimi, kisha akaifunga kadi kwenye ile khaki na kumpelekea mwenyewe, na hajaniruhusu kuiomba tena. Lakini niliona, mchana, dirisha likiwa wazi.

Ni ndani ya video, sekunde ya pili, kabla mtoto hajaanza. Tazama kulia, kwenye kile kiti. Mshonaji anaapa hakuwa amewahi kukanyaga nyumba ile mwaka video ilipopigwa, na baba mtu anaapa vivyo hivyo. Chumbani walikuwa watatu tu, yeye na kamera, mkewe, mtoto. Mtoto hashiki kiti tena. Kutoka nje ya picha, ukingo wa kulia, umeingia mkono hadi kwenye kiwiko, nao ndio unaomshika. Unamweka sawa. Unamwachia polepole, kidole kwa kidole.

Kidole cha mwisho kuachia ni cha kati. Kina kikofia cha chuma, kimebonyea upande mmoja, na mdomoni kimezungushiwa uzi mwekundu.

Nilimwomba dada aichezeshe tena, tuone kama mkono unatetemeka. Picha nzima ilitikisika kwa kicheko cha baba. Mkono haukutikisika hata kidogo.